Tehanu, kitabu wanachokiruka: jibu kwa msomaji wa Nakuru

Swali: Sisi ni kikundi cha wasomaji 11 hapa Nakuru, tunakutana kila Jumamosi saa nane mchana. Tumemaliza vitabu vitatu vya kwanza vya Earthsea, ulimwengu wa visiwa na waganga alioubuni Ursula K. Le Guin, na kila mtu alivipenda. Mimi nilitangulia nikasoma cha nne, Tehanu, na sasa ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Wenzangu wawili waliokijaribu wanasema hakuna kinachotokea humo, na kwamba mwandishi amemharibu Ged, mganga shujaa wa vile vitatu. Zamu ya kuongoza mwezi ujao ni yangu. Nikilazimishe, tukiruke twende cha tano, au kuna namna ya kukisoma kikundini kikaeleweka? (Msomaji, Section 58, Nakuru)

Jibu:

Dada, msikiruke. Kulazimisha nako hakufai. Watu wazima wakilazimishwa kitabu huja kikaoni wamesoma muhtasari tu. Tehanu hakiwashindi wasomaji kwa ugumu wa lugha, kwa kuwa sentensi zake ni nyepesi kuliko za kitabu cha kwanza. Kinawashinda kwa sababu wanakaa wakisubiri mashua, fimbo na mapambano ya uganga, na mwandishi safari hii ameamua kubaki nyumbani na mwanamke mjane, mtoto na mbuzi. Kazi yako ni kuwabadilishia macho katika kurasa 50 za kwanza. Zikipita hizo bado wanasubiri mashua, umewapoteza.

Lalamiko la Ged lishughulikie mapema, maana jibu lake limeandikwa. Si Tehanu kilichomnyang'anya nguvu. Zilikwisha katika kitabu cha tatu, The Farthest Shore, alipozitumia zote kuuziba mlango uliokuwa wazi kati ya walio hai na wafu. Imo mle, tena waziwazi. Wasomaji huisahau kwa sababu mara baada ya hapo joka Kalessin anawabeba yeye na kijana Arren hadi Roke, kisiwa cha shule ya waganga, Ged anampigia Arren magoti kama mfalme, halafu anapaa kwenda zake Gont, kisiwa alikozaliwa. Shangwe ya mwisho inafunika hasara. Tehanu kinaanza kuhesabu hasara hiyo.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kifunguliwe kwa kusoma kwa sauti kurasa mbili za mwisho za The Farthest Shore. Ukurasa mmoja wa maneno 300 hivi huchukua dakika mbili kwa msomaji asiyekimbia, basi hata dakika tano hazitaisha. Mle utaona mwandishi ameacha masimulizi mawili yanayopingana kuhusu mwisho wa Ged: utenzi unasema hivi, watu wa Gont wanasema vile. Waonyeshe wenzako hapo. Kisha uliza swali hili moja na usilijibu: mtu aliyekuwa Mkuu wa Waganga wote duniani kwake akiamka asubuhi hawezi hata kuwasha taa kwa neno, siku hiyo anafanya nini? Nakuru ni mji wa watu waliofanya kazi reli, viwandani na kwenye mashamba makubwa. Hakuna kati yenu asiyemjua mzee aliyerudi ushago baada ya kuachishwa kazi, akawa hajui akae wapi ndani ya boma lake mwenyewe. Aibu ya Ged ni hiyohiyo. Anajificha wajumbe wa mfalme wanapokuja kumtafuta kwa heshima, na wanaume wa kikundi chenu wataielewa haraka kuliko kitu kingine chochote katika kitabu. Ndiyo maana nasema uanze na yeye, ingawa kitabu si chake. Ukianza na hasira ya Tenar, yule mwanamke mjane, wanaume watahisi wameitwa kortini, na kikao kizima kitapita wakijitetea.

Sasa kuhusu kwamba hakuna kinachotokea. Hebu tazama miaka. A Wizard of Earthsea kilitoka 1968, The Tombs of Atuan 1971, The Farthest Shore 1972. Tehanu hakikutoka hadi 1990. Miaka 18 ilipita, na katika miaka hiyo mwandishi aliugeukia ulimwengu alioujenga mwenyewe akauona una kasoro ya msingi. Shule ya Roke inachukua wavulana peke yao. Gont kuna msemo kwamba uganga wa mwanamke ni dhaifu, na mwingine kwamba ni muovu. Imo katika kitabu cha kwanza, na mwandishi hakuipinga wakati ule. Tenar, aliyetoka na Ged kwenye giza la makaburi ya Atuan na kuileta pete ya Erreth-Akbe mjini Havnor, katika kitabu cha tatu haonekani kabisa. Alikwenda wapi? Aliacha masomo ya Ogion, mwalimu wa kwanza wa Ged, akaolewa na mkulima, akazaa watoto wawili, akafiwa na mume. Wanakijiji wanamwita Goha, jina la buibui mdogo mweupe wa Gont. Tehanu ndicho kitabu kinachokwenda kubisha hodi kwake.

Waandishi wenzake waliliona hilo wakakipa tuzo ya Nebula ya riwaya bora ya 1990. Walionuna ni baadhi ya wasomaji, hasa waliokulia kwenye vile vitatu. Nakupa habari hii uijue tu. Usiitumie kama fimbo kikaoni, kwa kuwa hakuna aliyewahi kupenda kitabu kwa kuambiwa kimepewa tuzo.

Kinachosaidia ni daftari. Kila mtu achore safu tatu kwenye ukurasa mmoja wa daftari la kawaida. Ya kwanza: nani anapika, anaosha, anabeba maji, anauguza. Ya pili: nani alisema neno la kweli asisikilizwe. Ya tatu: kila kitu anachosema Therru, yule mtoto aliyeungua, neno kwa neno. Safu ya tatu itakuwa fupi mno, na ufupi huo ndio siri ya kitabu. Waambie waandike jina la sura badala ya namba ya ukurasa. Nakala zenu hakika hazitalingana: wengine watakuwa na kitabu kimoja kimoja, wengine ule mkusanyo wa Penguin wa vitabu vinne katika jalada moja, na huenda mmoja ana lile buku la 2018 lenye michoro ya Charles Vess. Mtu akisema tufungue ukurasa wa 112, dakika kumi zinaisha kwa kupekua. Sura ni 14 katika chapa zote.

Kwa vikao vinne, ningegawa hivi: sura ya 1 hadi 4 kikao cha kwanza, 5 hadi 8 cha pili, 9 hadi 12 cha tatu, na mbili za mwisho peke yake kikao cha nne. Najua cha mwisho kinaonekana kidogo. Kiache hivyohivyo, sababu utaiona.

Kabla ya yote kuna jambo ambalo huwezi kulipuuza. Sura ya kwanza ina mtoto aliyepigwa, akanajisiwa na kusukumwa motoni na watu waliopaswa kumlea. Mwandishi haonyeshi tendo lenyewe, anaonyesha matokeo yake: jicho moja limekwisha, nusu ya uso ni kovu, mkono mmoja umekunjamana kama ukucha wa ndege. Katika watu 11 huenda yupo aliyepitia jambo kama hilo, na huwezi kujua ni nani. Tuma taarifa wiki moja kabla, kwa sentensi mbili zilizo wazi, ukiruhusu mtu kutohudhuria bila kutoa sababu. Kikaoni usimuulize yeyote kama yamemkuta. Usiruhusu mjadala wa kama mama wa mtoto alaumiwe, maana huo hugeuka haraka kuwa hukumu kwa mtu aliyeketi hapohapo. Andika pembeni ya daftari lako 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, na 1195 ya waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Wengi wenu hamtazihitaji, lakini aliyezihitaji asianze kuuliza.

Neno jingine la kuamua mapema ni mtamwitaje Ged kwa Kiswahili. Mkisema mchawi, mmeshaharibu, kwa sababu mchawi wetu ni mtu wa usiku na madhara, na wenzako wa kanisani watakuwa na haki ya kushtuka. Mganga iko karibu zaidi, hasa kwa kitabu hiki. Kinatofautisha wanaume wenye fimbo waliosoma Roke na wanawake wa vijijini kama Moss, bibi wa mitishamba na hirizi anayezalisha watoto na kupatanisha wapenzi, na ambaye hakuna mwenye fimbo anayemsalimia kwa heshima. Tofauti kati ya daktari mwenye koti jeupe na mkunga wa kijiji mnaijua vizuri tu bila kufundishwa.

Katika kikao cha kwanza, sura ya kutuama ni ya tatu, kifo cha Ogion. Mzee anafia nje, chini ya mti, alivyotaka mwenyewe, na Tenar yuko naye. Kabla ya kukata roho anamwambia jina lake la kweli, jambo ambalo katika ulimwengu huo mganga humfanyia mtu anayemwamini kuliko wote. Kisha wanafika waganga wawili wenye fimbo, mmoja wa bandarini na mmoja wa kwa bwana wa Re Albi, kijiji cha Ogion, wakaanza kubishana ni nani mwenye haki ya kumzika na wapi. Jina wanalolihitaji liko kwa mwanamke aliyesimama hatua chache kutoka kwao, na hawamuulizi. Someni hapo kwa sauti, watu watatu wakigawana sehemu. Safu ya pili ya daftari itajaa yenyewe, na utasikia chumba kikinyamaza, kwa sababu kila mtu aliyehudhuria mazishi upande wetu amewahi kuona mjane akizungushiwa maneno juu ya kichwa chake kuhusu kaburi na ardhi.

Ogion pia anamwambia Tenar amfundishe mtoto, na kwamba watu watamwogopa. Mtu asilipite hilo.

Hapo ndipo ningeleta simulizi za kwetu, na usiogope kwamba mnatoka nje ya kitabu. Waluo wa Kano wana Luanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa mawe, silaha haimwingii, na uhai wake umo kivulini. Mke aliyetoka kwa maadui, Wanandi, akaigundua siri hiyo, na mkuki ulipopigwa kivuli akaanguka. Kikundi chenu kikiwa na Wakalenjin watakwambia yule mwanamke kwao ndiye shujaa, na wako sahihi kusema hivyo. Luanda ni jirani wa kitabu cha kwanza, kile cha Ged na kivuli chake. Jirani wa Tehanu ni mwingine: Nyamgondho wuod Ombare wa Gwassi, mvuvi fukara aliyetega samaki akanasa kikongwe. Alimpeleka nyumbani, akatajirika kwa ng'ombe, akasahau alikotoka, akamtukana. Kikongwe akainuka, akarudi ziwani polepole, na mifugo yote ikamfuata majini. Simbi ya Kendu Bay ni hivyo pia: kijiji kilichokuwa kikisherehekea kikamfukuza bibi mgeni, kikazama, leo ni ziwa. Mtu anayesema Tehanu hakina uganga muulize kama simulizi ya Nyamgondho haina. Nguvu imekaa pale, ndani ya mtu ambaye hakuna anayemtazama mara mbili, na msikilizaji aliyelelewa na hadithi hizo anajua tangu mwanzo kwamba mkosi utatoka kwa yule aliyedharauliwa. Wasomaji wa kwingine wamelalamika kwamba mwisho wa Tehanu unatoka hewani. Mtoto wa Gwassi angeuona unakuja toka sura ya kwanza.

Kikao cha pili ndicho cha hatari. Sura ya 5 hadi 8 ni Ged kuugua na kupata nafuu, Tenar kuhangaika, mazungumzo marefu na Moss, na wajumbe wa mfalme. Wanaoacha kitabu huachia hapa. Usijaribu kukimbia. Chagua vitu viwili tu mvitazame kwa karibu. Kimoja ni mazungumzo ya Tenar na Moss kuhusu nguvu za wanaume na za wanawake. Moss anamfananisha mwanamume na kokwa ndani ya ganda lake. Mwanamke, kwake, ana mizizi ambayo hakuna ajuaye inakoishia. Maneno matamu, na wengi hudhani ndiyo msimamo wa mwandishi. Warudishe kwenye ukurasa: Tenar mwenyewe hakubali yote. Hapo kuna mjadala wa nusu saa bila wewe kusukuma.

Kingine ni upepeo wa mfumaji. Yule mfumaji mzee wa Re Albi ana upepeo mkubwa wa kukunja aliorithi. Upande mmoja wamechorwa watu wa kifahari wa Havnor, upande wa pili majoka. Anamwonyesha Tenar pande zote mbili, kisha anauinua mbele ya mwanga, na michoro miwili inakuwa mmoja: watu wana mabawa, majoka wana macho ya watu. Kurasa mbili tu, na msomaji mwenye haraka huzipita kama pambo. Utengenezeni kikaoni. Chukua karatasi ya kawaida ya kuchapia, ile ya gramu 80. Mtu mmoja achore kwa kalamu nyeusi ya wino mzito mwanamke aliyesimama, katikati kabisa. Geuza karatasi, mwingine achore mabawa na mkia upande wa pili, bila kuishika dhidi ya dirisha, akikadiria tu. Kisha kunja mikunjo ya sentimita mbili kama upepeo, ikunjue, uiinue dirishani. Kwa manila haitafanya kazi, ni nene mno, mwanga haupenyi. Kwa karatasi nyembamba kupita kiasi michoro itaonekana hata bila mwanga na siri itapotea. Chumba kikiwa na giza tumia tochi ya simu, umbali wa kiganja kimoja nyuma ya karatasi. Michoro haitalingana sawasawa. Acha ilivyo. Kisha rudi sura ya pili, kwenye hadithi ya mwanamke wa Kemay aliyemfungulia Ogion mlango, na Ogion akaona joka, na muulizane kwa nini mwandishi ameeleza jambo hilohilo mara mbili, mara moja kwa mdomo na mara moja kwa karatasi.

Kitabu hiki kimejengwa hivyo chote. Vile vitatu ni upande mmoja wa upepeo, hiki ni upande wa pili, na ukikisoma peke yake au ukivisoma vile peke yake unaona nusu ya picha.

Kikao cha tatu kina matukio ya kutosha, hata yule asiyependa ataridhika: laana, kukimbia, meli ya mfalme iitwayo Dolphin, mfalme kijana mwenye adabu, na usiku wa majira ya baridi wahuni wanapoizingira nyumba ya shamba. Ningependa msitumie muda wote kwenye usiku huo. Kuna kitu kidogo kabla yake ambacho sisi tunaoishi na lugha tatu kichwani tunakielewa kuliko Mmarekani yeyote. Aspen, mganga wa bwana wa Re Albi, anamroga Tenar akili yake ichanganyike. Maneno yanamtoroka, fikira hazishikani. Kinachomwokoa ni kuacha kufikiri kwa Kihardi, lugha ya visiwa aliyojifunza ukubwani, na kurudi kwenye Kikargi, lugha aliyozaliwa nayo. Uchawi ulifungwa kwa lugha moja. Ya pili haukuifikia. Uliza duara zima: ukiamka usiku umeshtuka, unaomba kwa lugha gani? Utapata Kikikuyu, Kikalenjin, Kiluhya, Kiluo na Kiswahili ndani ya dakika tano, na hutahitaji kueleza sura hiyo tena.

Kwenye usiku wenyewe angalieni mikono. Tenar amefunga milango na madirisha yote, kisha anachoka kuogopa, anashika kisu cha kuchinjia na kuufungua mlango mwenyewe. Ged, aliyekuwa akiwafuatilia wahuni hao kimyakimya, anamchoma mmoja kwa uma wa kupakia nyasi. Hakuna neno la uganga hata moja. Baada yake kuna damu sakafuni, kuna mtu aliyejeruhiwa anayehitaji kufungwa kidonda, kuna maji ya kuchemshwa. Katika vitabu vitatu vya kwanza vita vikiisha sura inafungwa; hapa mtu analazimika kupiga deki. Wale wawili wanaolalamika wape sehemu hii waisome wao.

Sura ya 13 ni fupi na ndiyo inayowauma watu wa magharibi mwa Kenya kuliko zote. Mtoto wa kiume wa Tenar, Spark, anarudi kutoka baharini baada ya miaka, na kwa kurudi tu shamba linakuwa lake. Mama aliyelitunza anakuwa mgeni jikoni mwake. Hakuna kelele. Mgogoro wote umewekwa kwenye sahani moja: anaambiwa aiondoe mezani aioshe, yeye anasema hiyo ni kazi ya wanawake, na mama anamjibu kwamba ni kazi ya yeyote anayekula katika jiko hilo. Anatoka nje. Ged, aliyekuwa Mkuu wa Waganga, huosha vyombo vyake. Mwandishi haongezi maelezo. Wewe nawe usiongeze. Wenye mashamba ya urithi watazungumza wenyewe.

Kuhusu mwisho, sema ukweli: sura ya 14 inakwenda mbio. Baada ya sura 13 za mwendo wa mbuzi, uovu wote, fedheha na ukombozi vinabanwa ndani ya kurasa chache. Msomaji anayelalamika hapo hakosei, na ukimkatalia atakuacha. Lakini mwonyeshe jambo la kiufundi linalotendeka. Muda wote tumekuwa tukitazama kwa macho ya Tenar. Katika sura hii Tenar anafungwa akili na ulimi, hawezi kutuongoza tena, na simulizi inahamia kwa Therru. Kwa mara ya kwanza tunakaa ndani ya kichwa cha mtoto aliyekuwa kimya, na humo si kimya hata kidogo. Toeni madaftari, msome safu ya tatu kwa sauti toka juu hadi chini, maneno yote ya Therru mfululizo. Ndiyo maana nimekuambia kikao hiki kiachiwe sura mbili tu: shughuli hiyo inahitaji kama dakika 20, na haifai kufanywa watu wakitazama saa. Halafu rudini kwenye kitendawili cha sura ya 10, pale wakuu wa Roke wanapotafuta mkuu mpya na jibu walilopewa ni maneno haya tu: mwanamke wa Gont. Walidhani ni mwanamke wa kuwaelekeza kwa mwanamume. Waulize wenzako wanadhani ni nani sasa. Tenar au Therru, pande zote mbili zina ushahidi, na mimi nasimama na Therru.

Baada ya hapo msirukie The Other Wind moja kwa moja. Someni Tales from Earthsea kwanza, angalau hadithi ya Dragonfly, ambayo inafungua mlango wa Roke kwa mwanamke na kuunganisha Tehanu na kitabu cha mwisho. Vyote viwili vilitoka 2001. Mtu akiwa na nakala ya zamani ya Tehanu iliyoandikwa jaladani kwamba ndicho kitabu cha mwisho cha Earthsea, asihangaike. Mwandishi alidhani hivyo mwaka 1990, kisha hadithi ikaendelea. Na mkinunua nakala za mitumba, tazameni picha za jalada kwa tahadhari. Ged ana ngozi ya kahawia iliyoelekea wekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi, watu wengi wa visiwa ni weusi au kahawia, na mgeni mweupe ni Tenar. Wachoraji wengi walipuuza, na filamu ya televisheni ya 2004 ilimweka kijana mzungu, jambo ambalo Le Guin alililalamikia hadharani.

Mwisho, lile uliloniuliza chini ya barua, kama uwaambie mapema Tehanu ni nani. Usiwaambie. Jina liko jaladani, na hakuna mtu anayeitwa hivyo kitabuni hadi kurasa za mwisho. Linapita mara moja tu katikati, Tenar na Ged wakitazama nyota nyeupe ya kiangazi, kila mmoja akiitaja kwa jina la kwao. Mwisho wa kila kikao uliza swali moja, Tehanu ni nani, uandike majibu yote kwenye karatasi ya manila ukutani bila kusema lipi ni sahihi. Kikao cha nne, yule aliyejibu nyota wiki ya pili mpe kitabu asome ukurasa ambamo Kalessin anamwita mtoto kwa jina lake.